Kumtoa mbwa mwanzoni mwa msimu wa kuwinda ndege Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Julai simu yangu haipumui. Huyu yuko Leeds, kapewa Labrador na bosi wake. Yule yuko karibu na Reading, ameolewa kwenye familia ya wakulima na baba mkwe amemwambia aje na mbwa mwezi wa kumi. Wote wanauliza yaleyale, na mimi najibu yaleyale, nusu yake nikiwa nimesimama kituo cha mafuta. Safari hii nimeyaandika.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kaskazini mwa Yorkshire, na huu utakuwa msimu wangu wa kumi na moja. Sipigi bunduki. Nina mbwa wawili: Kahawa, Labrador jike wa miaka saba anayejua kazi kuliko mimi, na Pilipili, spanieli ambaye mtamsoma hapa chini kwa aibu yangu.

Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Wapigaji, mara nyingi wanane au tisa, wanasimamishwa kwenye mstari, kila mmoja kwenye kigingi chake chenye namba. Hapa wapigaji huitwa "bunduki", kana kwamba mtu na chombo ni kitu kimoja. Upande wa pili wa msitu au shamba tunapanga mstari sisi tunaokurupusha ndege: fimbo mkononi, bendera ya plastiki, na mbwa. Tunatembea polepole kuelekea kwa wapigaji huku tukigonga miti, na ndege wanaruka juu ya vichwa vyao. Huo ndio msako mmoja. Honi au filimbi inauanza, honi inaufunga, na honi ya kufunga ikilia hakuna anayepiga tena. Siku moja inaweza kuwa na misako minne hadi sita.

Nyuma ya wapigaji wako waokotaji, ambao mbwa wao wanatafuta ndege walioanguka, hasa waliojeruhiwa. Kazi ya kukurupusha inawafaa spanieli. Kazi ya kuokota ni ya Labrador na jamaa zake wa aina ya ritriva.

Anayeongoza yote ni mtu wanayemwita *keeper*. Si kipa wa mpira. Ni bwana nyama wa shamba hilo: ndiye aliyelea ndege kiangazi kizima, na neno lake siku hiyo ni la mwisho, hata kwa mwenye shamba.

Msimu unaanza lini?

Inategemea ndege. England na Wales tarehe nyingi zinatoka kwenye sheria ya mwaka 1831, na bado zinafuatwa. Grausi, ndege wa vilima vya juu, ni 12 Agosti hadi 10 Desemba. Kwale ni 1 Septemba hadi 1 Februari. Bata mwitu wa bara ni 1 Septemba hadi 31 Januari. Fezanti, yule dume mwenye mkia mrefu na uso mwekundu mnayemwona amekufa kando ya barabara, ni 1 Oktoba hadi 1 Februari. Jumapili na Krismasi ndege wa sheria hiyo ya 1831 hawapigwi, kwa hiyo 12 Agosti ikiangukia Jumapili, watu wanasubiri tarehe 13.

Tarehe ya kalenda isikutie presha. Mashamba mengi ya fezanti hayaanzi hadi mwisho wa Oktoba au Novemba, kwa sababu mapema hivyo ndege bado wadogo na majani bado yako mitini. Msimu wa mbwa wako unaanza siku utakayoitwa.

Nahitaji leseni?

Kukurupusha au kuokota, hapana. Cheti cha polisi ni cha mwenye bunduki. Bima ya madhara kwa wengine si lazima kisheria, lakini usitoke bila hiyo. Uanachama wa BASC, chama cha wapigaji kilichoanzishwa mwaka 1908, una bima ndani yake, na vyama vingine navyo vinatoa.

Mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi. England imekuwa sheria tangu Aprili 2016. Na kuna jambo linalowachanganya wengi: mbwa akiwa mahali pa umma anatakiwa avae mkanda wa shingo wenye jina na anwani yako, ila sheria hiyohiyo inamsamehe akiwa kazini kwenye uwindaji. Wengi tunamvua kabisa, maana mkanda unanasa kwenye miiba na waya. Ukifika kwenye gari, mvalishe.

Mbwa wangu ana miezi kumi na anaokota kila kitu nyumbani. Nimpeleke?

Hapana.

Najua hulipendi jibu hili. Mbwa wa miezi kumi mifupa yake bado inakua na akili yake bado ni ya chekechea. Wengi tunasubiri mwaka mmoja na nusu, wengine miaka miwili. Kuokota mpira sebuleni na kukaa kimya huku ndege hamsini wakianguka kando yako ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili ndicho kazi. Ukimharakisha, utatumia misimu mitatu kuyafuta aliyojifunza asubuhi moja.

Ataogopa mlio wa bunduki?

Ukimzoesha taratibu, haelekei kuogopa. Anza kiangazi, mlio mdogo kutoka mbali, mwenzako akiwa mita mia mbili au zaidi na wewe ukicheza na mbwa. Kila akionyesha hajali, sogeeni kidogo. Wiki nyingi, si siku moja. Usimpeleke karibu na mstari wa wapigaji "aone tu". Nimeona mbwa mzuri akiharibika hivyo. Mwenye naye alidhani anamkomaza, na mpaka leo mbwa yule akisikia mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo anaingia chini ya meza.

Siku ya kwanza nifanye nini naye?

Msubirishe. Hilo ndilo jibu langu, na mengine yote ni maelezo yake.

Mbwa mchanga siku ya kwanza aende kukaa kwenye kamba. Asikie honi, aone watu ishirini wasiojulikana, anuse mbwa wengine, apande trela la trekta, aone ndege wakipita asiwaguse. Ukimaliza msako mmoja naye ametulia, umefaulu. Mrudishe kwenye gari ulilolipaki kivulini, umtoe mbwa mzee kwa misako iliyobaki. Huna mbwa mzee? Basi piga fimbo yako mitini na yeye awe pembeni kwenye kamba. Hakuna atakayekucheka, wenye mbwa wote wamepita huko.

Sasa aibu yangu. Pilipili msimu wake wa kwanza alitulia msako wa kwanza, akatulia wa pili. Nikavimba kichwa. Msako wa tatu nikamfungua kamba. Mwisho wa kila msitu kuna kona ambayo ndege wote waliokimbia kwa miguu wanajikusanya, na hapo mstari unasimama ili warushwe wachache wachache. Pilipili hakusimama. Alipita kati yetu kama jiwe la manati, akaingia kwenye kona ile, na ndege mia na kitu wakainuka kwa pamoja kama zulia linalokung'utwa. Wapigaji walipata nafasi ya risasi mbili mbili, halafu kimya. Kazi ya miezi ya yule bwana nyama iliisha kwa sekunde kumi. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akashusha kofia yake na kwenda zake. Heri angetukana.

Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Mwenye kukamia siku ile hakuwa mbwa. Nilirudi kwenye kamba miezi miwili mizima, na Pilipili akapata ruhusa tena Januari, mwisho wa msimu, kwenye siku za wenyeji ambapo mambo ni mepesi.

Kwa mbwa wa kuokota kuna tahadhari nyingine: mwanzoni usimpe ndege aliye hai. Dume la fezanti lina kipi, ule mwiba wa mguuni, kama jogoo, na linapigana. Mbwa mchanga akichanwa usoni mara moja anaweza kuanza kuwabana ndege kwa nguvu, na ndege aliyevunjwa mbavu na mbwa hafai jikoni. Mpe waliokwisha kufa na kupoa, wanaoonekana, wasio na wenzao karibu. Wengi mwache akae awaangalie, uende ukawaokote mwenyewe kwa mkono. Hii inamfundisha kwamba si kila kinachoanguka ni chake.

Nitumie filimbi gani, na lugha gani?

Filimbi za Acme za Birmingham zina namba. Wenye spanieli wengi hutumia 210.5, wenye Labrador 211.5. Faida ya namba ni kwamba ukiipoteza unanunua nyingine yenye sauti ileile. Mlio mmoja mrefu ni kaa; milio mifupi mfululizo ni rudi. Nunua mbili, moja ibaki kwenye gari.

Lugha, mimi nasema nao Kiswahili. Mstarini kuna watu kumi wanapiga kelele za Kiingereza kwa mbwa wao na wangu hawana habari. Ila kosa nililifanya: "njoo" masikioni mwa mbwa iko karibu mno na "no". Pilipili alikuwa akiitwa aje, mtu mwingine akimkataza mbwa wake, yeye anaganda katikati. Nikahamia "hapa". Siku hizi bibi mmoja mwokotaji, Mwingereza wa miaka sabini, anamwambia mbwa wake "lete", na analeta.

Mwanzo wa msimu kuna joto. Nijihadhari vipi?

Watu wetu wanalidharau hili kwa sababu tumezoea Dar ya Februari. Nyuzi 22 kwetu ni sweta. Kwa mbwa mwenye manyoya mazito anayekimbia kupanda kilima katikati ya vichaka vya Agosti ni hatari ya kweli. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na mbwa wa kazi hana akili ya kusema nimechoka. Atakimbia mpaka aanguke.

Joto la mwili wa mbwa kwa kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Kazini hupanda, na akipumzika hushuka. Kinachokuambia kuwa hashuki ni ulimi kutoka nje mrefu na kupanuka nchani, ufizi mwekundu sana, mate mazito, macho kama hayakuoni, na miguu ya nyuma kuyumba. Hapo acha msako. Usimwombe mtu ruhusa.

Mpooze kwanza, halafu ndiyo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mpeleke kivulini penye upepo, mmwagie maji mwili mzima, maji yoyote yaliyo baridi kuliko yeye, endelea kumwagia, mpepee. Ushauri wa zamani kwamba maji baridi yatamuua madaktari wameuacha. Kinachoua ni kupoteza nusu saa ukimkimbiza kwenye gari lenye joto akiwa hajapozwa. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linageuka blanketi.

Mimi Agosti na Septemba nabeba lita tano za maji kwenye gari na chupa mbili kiunoni, na kila mbwa anafanya msako mmoja anapumzika mmoja. Mbwa aliyenenepa kiangazi asiende kabisa mpaka apungue. Mazoezi ya msimu yaanze wiki sita au nane kabla, asubuhi mapema, kidogo kidogo. Nyayo nazo zinahitaji muda. Mbwa aliyekaa kwenye zulia miezi sita, vichaka vya milimani vitamchuna siku ya kwanza.

Ale nini siku hiyo?

Mlo mkubwa jana yake jioni. Asubuhi kidogo sana, saa kadhaa kabla ya kazi. Kumjaza halafu kumkimbiza ni kuomba tumbo lijipinde, ambalo kwa mbwa wenye kifua kirefu ni kifo cha haraka wasipopasuliwa. Mchana kipande kidogo. Jioni akishapoa na kuhema kukaisha, ale vizuri. Maji mara kwa mara, kidogo kidogo.

Na tafadhali, usimpe sandwichi yako yenye zabibu kavu. Zabibu kwa mbwa ni sumu ya figo, na keki za Waingereza zimejaa zabibu.

Wadudu, nyoka, maradhi?

Kupe ni wengi mpaka vuli iishe; nunua dawa kwa daktari na ubebe kichomolea kupe. Kuna nyoka mmoja tu wa sumu Uingereza, jamii ya kifutu lakini mdogo, na Agosti yuko kwenye vilima akiota jua. Mbwa akiumwa, mbebe, asitembee, moja kwa moja kwa daktari.

Madimbwi ya Septemba yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, asinywe wala asiogelee. Utando ule unaua. Chanjo ya leptospirosisi, ile ambayo Tanzania tuliijua kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022, iwe haijapita mwaka. Kila mwaka.

Kuna pia ugonjwa wa misituni unaotokea mwisho wa kiangazi na vuli, ambao umeonekana sana maeneo kama Sandringham na Thetford tangu mwaka 2009. Mbwa anatapika, anaharisha na kulegea ndani ya siku tatu baada ya kutembea msituni. Chanzo hakijathibitishwa. Wengi wanapona wakiwahi daktari na kupata maji mwilini, kwa hiyo usingoje Jumatatu.

Jike wangu yuko kwenye joto. Nimlete?

Ukitaka kutoalikwa tena, mlete.

Jana aliogelea, leo mkia umening'inia kama umekatika!

Tulia. Ni misuli ya mkia. Inawapata hasa Labrador baada ya kuogelea, baridi au kazi nyingi ghafla. Unauma, lakini mara nyingi unapona wenyewe kwa siku chache. Mpumzishe, mweke pakavu, na daktari atakupa dawa ya maumivu. Usimpe dawa zako za binadamu. Panadol na ibuprofeni zina madhara makubwa kwa mbwa.

Vipi kuhusu kondoo?

Kondoo wako kila mahali, na mbwa anayewafukuza ni kesi; mkulima anaweza hata kumpiga risasi na sheria ya mwaka 1971 ikamlinda, kama hakuwa na njia nyingine ya kumzuia. Mzoeshe mbwa kondoo akiwa mdogo, kwenye kamba, mpaka awaone kama mawe.

Mimi ni Mwislamu. Mbwa? Na nyama yake?

Hili naulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mbwa wa uwindaji ametajwa kwenye Qur'ani yenyewe, Suratul Maida aya ya nne, ambapo tumeruhusiwa kula walichokamata wanyama tuliowafundisha, tukitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kumfuga kwa kazi hakuna tatizo. Tahadhari ni mate na unyevu wake, hasa kwetu tulio madhehebu ya Shafi, kama wengi wa pwani: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Wangu wanalala nje kwenye banda lao zuri, nina nguo za kazi zinazokaa gereji, na ndoo ya mchanga iko mlangoni. Majirani wanadhani ni ya barafu.

Nyama ni jambo jingine. Katika misako hii mbwa haui. Anayeua ni mpigaji, kwa hiyo swali ni nani alifyatua na alitaja nini. Halafu ndege anayeokotwa hai humalizwa kwa kugongwa kichwani, hachinjwi. Mimi mwisho wa siku nikipewa jozi yangu, dume na jike, nashukuru na kumpelekea jirani, naye ananiletea mayai. Wewe muulize sheikh wako, ukimweleza hivi nilivyoeleza, usimwambie tu "ni ndege wa kuwindwa".

Watanipokeaje, mtu mweusi katikati ya wakulima?

Nilikuwa na hofu hiyohiyo. Niliyoyakuta mimi: dakika kumi za kwanza wanakuangalia wewe, baada ya hapo wanamwangalia mbwa. Mbwa akitulia, umetulia na wewe. Pata nafasi kwa kwenda kwa bwana nyama kiangazi, wakati ana kazi nyingi na mikono michache, umsaidie kubeba magunia ya ngano. Novemba atakukumbuka. Malipo ya siku ni madogo, kama ya kujazia mafuta, usije kwa ajili hiyo. Gambuti nzuri, koti la mvua, nguo zisiwe na rangi kali.

Huoni huu ni ukatili?

Naulizwa na watoto wangu. Kila mwaka makumi ya mamilioni ya fezanti wanafugwa na kuachiwa mashambani ili wapigwe, na kuna Waingereza wengi wanaopinga. Siwabishii. Siku ndege wanapopigwa mamia na wachache tu kuliwa, mimi mwenyewe nakereka, na kuna shamba niliacha kwenda kwa sababu hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba ndege aliyejeruhiwa akiachwa, anakufa polepole chini ya kichaka kwa siku mbili, na Kahawa anampata kwa dakika mbili. Hiyo ndiyo sehemu yangu.

Tukirudi nyumbani?

Kabla hujavua gambuti, mbwa kwanza. Mkaushe, mvishe koti lake la taulo, asilale na unyevu. Kisha mpapase kwa vidole, si kwa macho: masikio, kati ya vidole, makwapani, chini ya kope, ndani ya mdomo. Mbegu za nyasi za mwanzo wa msimu zina ncha kama mshale na zinaingia ndani ya ngozi zisirudi. Waya wa senyenge huchana, na manyoya yanaficha. Msasi haogopi mwiba, ndivyo tulivyofundishwa, na spanieli haogopi kweli. Anaweza kurudi na kumi na asikuambie hata mmoja.

Rudia asubuhi, kukiwa na mwanga. Jumapili iliyofuata ile siku ya aibu nilimkuta Pilipili analamba mguu wa kushoto wa mbele. Kati ya vidole kulikuwa na mwiba wa nusu sentimita. Alikuwa ameukanyaga, nadhani, njiani kuelekea ile kona.